Mahindi Yasiyokutana

Ukiingia jikoni kwa Yuster, pale Lisekese, macho huchukua muda kuzoea. Moshi wa miaka mingi umepaka kuta rangi ya kitako cha sufuria. Ukishaanza kuona, tazama juu ya mafiga: kuna kichanja cha miti, na kwenye kichanja hicho, kwa miaka, vilining'inia vibuyu viwili vya mbegu ya mahindi, kimoja chenye kamba nyeusi shingoni, kingine kamba nyeupe. Kibuyu juu ya moto si ajabu huku. Fukusi na moshi hawaelewani, kwa hiyo kila jiko lina chake. Ajabu ni kwamba vya Yuster vilikuwa viwili, na kuna jioni moja alivitazama mpaka ugali ukaungua.

Alipoolewa, mwaka 1999, alishuka na kibuyu kimoja tu. Mama yake, Bibi Julia, alikuwa mkulima wa upande wa Newala, juu kabisa, ambako enzi hizo ndoo moja ya maji ilikuwa safari ya asubuhi nzima. Kwao mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama, na mbegu nayo hufuata njia hiyohiyo: bibi kwa mama, mama kwa binti, siku binti anapowasha moto wake mwenyewe. Bibi Julia alimkabidhi kibuyu mbele ya wanawake wa nyumbani na hakuhutubia. Alisema tu kwamba mvua ije vyovyote itakavyo, hii itampa cha kupika.

Na kweli ilimpa. Mahindi ya Bibi Julia yalikuwa na tabia moja ya kuchekesha, hayakutoa maua kwa pamoja. Mengine yalichomoza mbelewele, lile ua la kileleni, mwishoni mwa Januari, mengine wiki ya pili ya Februari, mengine yakajivuta mpaka Machi. Kila siku, kwa wiki tano au sita, palikuwa na bua fulani linalomwaga vumbi lake la njano, na jirani yake bua jingine lenye ndevu mbichi zinazolingoja. Nikolao, mume wa Yuster, ambaye ni mzee wa kanisa, alizoea kusema shamba la mkewe ni kama ibada siku ya mvua, kila muumini anaingia saa yake. Yuster alimjibu kwamba afadhali hao wanafika, kuna wengine hulala nyumbani wakasingizia mguu.

Wakati huo jua lilikuwa bado halijaanza mchezo wake.

Mvua za huku hazinyeshi kwa mkupuo mmoja. Zikianza Desemba zinakwenda, halafu katikati zinakatika, watu wanapalilia, kisha zinarudi. Zamani mkato huo ulikuwa wa wiki moja, mtu anaumaliza kwa kufua nguo na kutembelea ndugu. Ukawa siku kumi. Ukawa wiki mbili, kisha tatu, na hakuna aliyesema siku gani hasa ulikua, kama ambavyo hakuna anayeona mtoto akirefuka. Mbingu inageuka nyeupe, mchanga unachoma nyayo, majani ya mahindi yanajisokota kama tumbaku. Na mahindi, kumbe, yana siku chache sana za hatari maishani mwake. Kiu ikiyakuta bado madogo, yanavumilia. Ikiyakuta yamekwisha kubeba, yanajikaza. Lakini ikiyakuta zile siku za maua, ndevu zinakauka, vumbi linakufa hewani, na wakati wa mavuno unamenya ganda unakuta gunzi lenye punje tatu nne, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Hivyo ndivyo mahindi ya katikati yalivyoanza kuondoka. Ya mapema yalimaliza maua kabla ya jua. Ya mwisho yaliyafungua jua likishachoka. Ya katikati yalisimama palepale mdomoni mwa moto, kila mwaka.

Jua peke yake lingechukua muda mrefu zaidi. Mikono ya Yuster ndiyo iliyolisaidia, na sehemu hii huisimulia akiwa anachezea ncha ya kanga yake. Kwao, mahindi ya kwanza kukomaa hayaliwi yote. Mazuri yake yanapandishwa kichanjani kwa shukrani, kwa sababu yameivunja njaa. Na ya mwisho nayo yanapandishwa, kwa sababu yamekaukia shambani na hayana ukungu. Ya katikati ni chakula. Nani atafute mbegu kwenye mahindi ya katikati, watoto wanalia na maji yanachemka? Mama yake alifanya hivyo, bibi yake alifanya hivyo, na haikuharibu kitu, maana zamani ya katikati yalikuwa mengi mno, na vumbi lake lilikwishaingia ndani ya wenzake wa pande zote mbili kabla hayajaenda chunguni. Yuster akaendelea hivyohivyo. Kile kibuyu cha Bibi Julia kilipopasuka, alitafuta vidogo viwili. Mbegu ya mwanzo akaifunga kamba nyeusi, ya mwisho kamba nyeupe. Aliona ni usafi wa kazi.

Posa ya Huruma, binti yake wa mwisho, ilikuja mwaka 2022. Kijana anaitwa Gasper, mtu wa Nanganga, anauza mahindi ya kuchoma pale magari yanaposimama. Wazee walikubaliana ndoa ifungwe Huruma akishamaliza chuo cha ushonaji, yaani baada ya misimu mitatu. Wageni walipoondoka, Huruma alibaki jikoni anaosha vyombo, mwepesi wa furaha, akainua macho juu ya mafiga.

"Mama, kibuyu changu mimi ni kipi?"

Swali la mzaha tu. Lakini Yuster alivitazama vile vibuyu na mwiko ukasimama mkononi, na hiyo ndiyo jioni ugali ulipoungua. Kwa sababu mwaka juzi jua lilikuja mapema, kabla Januari haijaisha, likaikuta mbegu ya kamba nyeusi kwenye maua. Walikula nyeupe peke yake. Na mwaka jana lilichelewa kuondoka, likaingia mpaka Machi, likaikuta nyeupe. Walikula nyeusi, ikaisha Septemba, wakamalizia na mihogo. Kila mbegu ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Kumpa Huruma moja ni kumpa nusu. Na mwaka jua litakapotanuka pande zote mbili kwa pamoja, hata vibuyu vyote viwili vitakuwa mapambo.

Basi akaazimia. Kabla ya harusi, kiwepo kibuyu kimoja, chenye mbegu kama ile aliyopewa yeye.

Njia aliyoanza nayo ingemjia mpishi yeyote. Alimimina vibuyu vyote viwili kwenye beseni, akachanganya kwa mikono. Kisha akaona haitoshi. Mvua zilipoanza alipanda mbegu mbilimbili, shimo moja nyeusi moja nyeupe, ili zikue zimekumbatiana na zisiwe na pa kukimbilia.

Zilikua. Januari ilipokaribia kuisha, nyeusi zikatoa mbelewele na ndevu, zikamwagiana vumbi zenyewe kwa zenyewe, nyuki wakivuma juu. Ubavuni mwa kila moja, nyeupe ilikuwa imesimama kijani kibichi, imefunga kimya, haina hata dalili. Jua likaja, likachoma, likapita. Machi ilipoingia nyeupe zikafungua maua. Wakati huo nyeusi zilikuwa mabua makavu, yanakwaruzana kwenye upepo kwa sauti ambayo Yuster hakuipenda. Shimo moja, udongo mmoja, upepo mmoja, na hazikukutana hata siku moja. Alitembea mistari yote asubuhi moja akitafuta mabua ya katikati, yale yaliyotoa maua Februari wakati wenzake hawana. Aliyapata saba. Alipoyapapasa magunzi yake yalikuwa laini, hayana kitu.

Bwana shamba wa eneo lile ni Bernard, kijana mwenye pikipiki yenye kelele kuliko maneno yake. Alipita wiki hiyo kukagua mikorosho, Yuster akamwita.

"Shikamoo, Mama Reginald," Bernard alimsalimu kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Marahaba, bwana shamba. Njoo uone. Nimeozesha watu, hawataki hata kusalimiana."

Bernard alicheka, akazima pikipiki. Akaingia shambani, akapasua ganda hapa, akatingisha mbelewele pale, akauliza tarehe za kupanda. Alivyozidi kwenda mbele ndivyo kicheko kilivyozidi kubaki nyuma. Alipomaliza alichuchumaa na kijiti, akachora mchangani mstari mrefu wa siku.

"Hawajakataana, Mama. Hawajawahi kuonana. Hili vumbi tunaita chavua, nalo linaishi saa chache tu, si siku. Huyu anapomwaga lake, mwenzake hajazaliwa. Mwenzake anapofungua, huyu ni maiti."

Yuster akasema lakini mama yao ni mmoja, yeye mwenyewe alimleta kwa mikono yake kutoka Newala.

"Ni mmoja kabisa," Bernard alisema. "Ndiyo maana nimeacha kucheka."

Akamweleza polepole. Zamani wa mwanzo na wa mwisho nao hawakuonana uso kwa uso, lakini katikati palikuwa na wapeleka salamu. Wa mwanzo alimpa jirani yake aliyechelewa kidogo, huyo akampa aliyechelewa zaidi, mpaka damu ya Januari ikafika Machi. Sasa wapeleka salamu wamekufa. Kwa hiyo kila upande unaoa nyumbani kwake, na kila mwaka unazidi kufanana wenyewe kwa wenyewe na kuuacha ule wa pili. Huhitaji ukuta kutenganisha viumbe, alisema, wala mto. Inatosha walio katikati waadhibiwe kila mwaka na walio pembeni wazawadiwe, kisha uwe na subira.

Halafu akauliza, bila ubaya, yeye huchukua mbegu kutoka mahindi gani.

Yuster akamwambia. Ya kwanza na ya mwisho. Bernard alifuta ule mstari mchangani kwa kiganja, akaanzia katikati.

Alipokuwa anavaa kofia yake alisema bado inawezekana. Ndugu hawa wakikutanishwa kwa nguvu watazaa. Hawajafikia kushindwana kabisa. Yuster alimuuliza wamebakiza miaka mingapi, naye akasema hajui.

Msimu uliofuata Lisekese walimwona Yuster akifanya mambo ya mtu aliyepoteza hesabu ya miezi. Mwishoni mwa Oktoba, vumbi likiwa bado linapanda mpaka dirishani na watu wakiwa kwenye korosho, alipanda mahindi. Nyeupe tupu. Asubuhi ndoo tatu kichwani kutoka bombani, jioni ndoo tatu. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimuuliza kama ni kweli amefungua bahari yake. Akajibu amefungua kliniki, na wagonjwa wake wanaomba waruke foleni. Wakacheka, wakampisha, lakini alipogeuka walinong'onezana.

Mvua za Desemba zilipofika akapanda nyeusi mistari ya pembeni. Na katika wiki ya mwisho ya Januari, kwa mara ya kwanza baada ya miaka isiyojulikana, zilitoa maua pamoja. Bernard alikuwa amemwonyesha: kata mbelewele zote za nyeupe ili zisijimwagie, kisha tingisha nyeusi ndani ya mfuko wa karatasi na upake ndevu za nyeupe mwenyewe. Yuster alifanya hivyo siku tisa mfululizo, saa tatu asubuhi umande ukishakauka, nywele zake na nyusi zikiwa njano. Nikolao aliyekuja kumtazama alisema hajawahi kuona msimamizi wa ndoa anayechoka namna hii.

Alivuna nusu debe. Punje nene, zimejaa mstari hadi mstari. Aliitia kwenye kibuyu cha tatu, akakiacha bila kamba yoyote, akakipandisha kichanjani kati ya vile viwili. Usiku huo, Huruma anasema, mama yake alikuwa akiimba anasonga ugali.

Bernard alipokuja alionyeshwa. Alizitia punje chache kiganjani, akazigeuza, akasifu kazi. Kisha uso wake ukafanya kama wa mtu aliyekumbuka kitu njiani.

"Mama Reginald. Hizi zitatoa maua lini?"

Yuster akaanza kuhesabu. Baba Januari, mama Machi. Katika miezi yote ile ya ndoo na mifuko ya karatasi hakuwa amejiuliza.

Lakini mbegu haiachwi ndani kwa sababu ya hofu. Harusi ilikuwa imebakiza msimu mmoja. Desemba ya 2024 alipanda nusu debe yote, na mistari michache tu ya nyeusi na nyeupe, ya kulinda mbegu isipotee. Ile mpya ilikua kwa fujo. Majani mapana, mabua mazito kuwapita wazazi wake wote wawili, mpaka yule mwanamke wa foleni akaja kuomba apewe kibaba wakati wa mavuno. Mwisho wa Januari nyeusi zikatoa maua, zikamaliza. Tarehe tatu Februari mvua ikakatika. Tarehe tisa, shamba zima la ile mbegu mpya, kana kwamba limeitwa kwa jina, likachomoza mbelewele.

Walimwagilia. Yuster, Nikolao na mguu wake, Huruma aliyeacha cherehani. Bomba lilikuwa linatoa maji kwa zamu, na nusu eka si bustani. Maji waliyoyafikisha yaliingia chini kwenye mizizi, lakini upepo wa juu ulikuwa mkavu kama wa tanuri. Ndevu zilitoka asubuhi na unyevu wake, saa saba mchana zilikuwa kahawia. Chavua ilianguka kama majivu. Siku ya sita Nikolao aliweka ndoo chini akasema, Mama Reginald, tupumzike. Yuster aliendelea peke yake siku nyingine nane, huku akiwa anajua. Majirani hawakuwa wanacheka tena. Walikuwa wanapita njia ya mbali.

Mvua ilirudi mwezi ulipoisha. Nyeupe zikafungua maua yake kwa raha zote.

Wakati wa kuvuna alikaa chini kwenye mkeka na Huruma, wakamenya. Ganda zuri, gunzi tupu. Ganda zuri, punje mbili. Nusu debe ile ilirudisha konzi moja.

Ndoa ilifungwa Julai, mikorosho ikinuka salfa iliyopulizwa, pande zote za njia. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanawake walikusanyika jikoni, na Yuster alishusha vile vibuyu viwili vya kamba akaviweka miguuni kwa binti yake. Akamwambia achukue vyote, kibuyu kimoja peke yake kimekwisha kuwa uongo.

"Nikichukua vyote wewe utapanda nini?" Huruma aliuliza. Ilikuwa kweli, hakuna kilichokuwa kimejaa. "Halafu shamba la Gasper lenyewe ni dogo kama mkeka, Mama. Kule barabarani ni hindi la kwanza tu. Lori linasimama kwa hindi la kwanza. La Aprili hata ulipungie mikono."

Akachukua chenye kamba nyeusi. Akakipakata kama inavyotakiwa, na wanawake wakapiga vigelegele, na Yuster naye akapiga, maana binti hakuwa na kosa. Alikuwa amechagua kama mtu mwenye akili anavyochagua. Tangu kesho yake nyeusi ingelala Nanganga na nyeupe Lisekese, na sasa si siku tu zilizokuwa kati yao.

Desemba Yuster alipanda nyeupe. Ile konzi moja aliipanda upande wa nyumba, karibu na ndoo, ikaota mashina thelathini na mawili.

Tarehe kumi na sita Januari simu ililia akiwa anapalilia. Ni Huruma, anaongea kwa kasi ya mtu anayelinda salio. Mahindi yamependeza. Mengine yamekwisha toa ndevu, Mama, tarehe hizi, kabla ya mtu yeyote Nanganga. Gasper amefurahi, ameyafunga vitambaa yale kumi na mawili yaliyotangulia.

Yuster akauliza vitambaa vya nini.

"Ndiyo mbegu ya mwakani. Yale ya mbele kabisa tu. Mengine yote tunachoma."

Yuster alitaka kusema weka na ya nyuma, weka na yanayojivuta, hata kama yana punje mbili weka. Alipoanza kusema, salio likaisha, na alipopiga yeye simu ilikuwa haipatikani.

Akaenda upande wa nyumba. Mashina thelathini na mawili yalimfika kifuani, bado yamejifunga. Alishika jani moja, akaona kingo zake zimeanza kukunjamana kuelekea ndani. Akahesabu kwa vidole mpaka siku ya maua. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu. Mvua ilikuwa imekatika juzi.